Huzuni ya Mwenye Wazimu

Mtu akishikwa na wazimu, jambo la kwanza watu wanaloliona ni kelele. Atembea usiku, asema peke yake, amtuhumu mkewe, arusha mawe, avua nguo sokoni. Jirani wote wapata habari. Basi wakubwa wa ukoo wakutana, mbuzi auzwa, fedha yapatikana, mgonjwa apelekwa kwenye dawa. Kelele zikikoma, wote husema: «Tumshukuru Mungu, amepona.» Tangu siku ile hakuna amwulizaye tena habari za moyo wake.

Walakini mara nyingi ni hapo hasa taabu nyingine inapoanza. Yule aliyekuwa akipiga kelele sasa akaa kimya nyuma ya nyumba. Chakula hakina ladha kinywani mwake. Alfajiri, kabla jogoo hajawika, amekwisha kuamka, naye aikodolea macho paa. Watu wa nyumbani husema, «Ni mvivu,» au, «Ndivyo walivyo vichaa.» Kumbe sivyo. Ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Una dalili zake, una matunzo yake, na usipotunzwa waweza kuua.

Katika makala haya twataka kueleza historia ya huzuni hiyo: jinsi madaktari walivyoiona zamani, wakaiweka kando, wakaikana kabisa kwa watu wa Afrika, na mwishowe wakalazimika kuikubali. Twawaandikia hasa wasomaji wetu wa Butembo na Beni, ambao katika miaka hii wamekwisha kuona huzuni za kutosha, nao wana wagonjwa wa namna hii katika koo zao.

Magonjwa mawili

Wazimu una namna nyingi. Namna moja iliyo kali madaktari huiita skizofrenia. Kwa kawaida huanza katika ujana, wakati kijana anapomaliza masomo au anapofikiri habari za kuoa. Mgonjwa husikia sauti za watu wasiokuwapo. Huamini kwa nguvu mambo yasiyo kweli, kama vile kwamba jirani wamemwekea sumu, au kwamba redio yatangaza siri zake. Maneno yake hukosa mpango. Ugonjwa huu si malipo ya dhambi ya wazazi, wala hauambukizwi kwa kula sahani moja. Shirika la Afya la Ulimwengu hukadiria kwamba katika kila watu 300 hivi duniani, mmoja anao. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye waamini 6,000 yaweza kuwa na wagonjwa kama 20.

Ugonjwa wa huzuni ni neno jingine. Waandishi wa Tanzania siku hizi huuita sonona. Si ile huzuni ya kufiwa, ambayo kila mtu huionja, nayo hupungua kidogo kidogo watu wanapokuja matangani. Huu hukaa wiki baada ya wiki. Huondoa utamu wa kila kitu, huvunja usingizi, humaliza nguvu za mwili. Humwambia mtu kwamba yeye ni takataka na mzigo kwa wenzake, na ya kwamba mbele yake hakuna kitu.

Basi magonjwa haya mawili huweza kukaa pamoja katika mtu mmoja, tena mara nyingi. Hesabu hutofautiana toka nchi hadi nchi, lakini mara nyingi hutajwa kwamba katika kila watu 4 wenye skizofrenia, mmoja ana huzuni ya namna hii. Na penginepo ni zaidi. Tena katika kila watu 100 wenye skizofrenia, karibu 5 mwishowe hufa kwa kujiua. Wako wanaosukumwa na sauti wanazozisikia. Lakini wengi wamekata tamaa tu.

Mambo ya Geel na Gent

Tuanze na nchi ya Ubelgiji, ambayo babu zetu waliijua kwa uzuri na kwa ubaya. Huko uko mji mdogo uitwao Geel. Tangu karne ya 13 mahujaji waliwaleta wagonjwa wa akili katika kanisa la Mtakatifu Dimfna, ambaye masimulizi ya kale yasema alikuwa binti wa mfalme, akauawa na baba yake aliyepatwa na wazimu. Kanisa lilipojaa, wenyeji waliwapokea wagonjwa katika nyumba zao. Hivyo ikawa desturi. Mgonjwa alikula mezani pamoja na watoto, akalisha ng'ombe, akavuna viazi. Katika miaka ya 1930 wagonjwa waliokaa hivyo katika nyumba za watu wa Geel walizidi 3,000. Desturi hiyo haijakoma mpaka leo, ingawa wagonjwa wamepungua sana.

Katika mji wa Gent, nchi ile ile, Padre Petro Yosefu Triest alianzisha Shirika la Mabruda wa Mapendo mwaka 1807. Mwaka 1815 mabruda hao wakaanza kuwatunza wagonjwa wa akili wa mji huo, watu ambao siku zile walifungwa minyororo kama wanyama wakali. Mwaka 1828 daktari Joseph Guislain akawekwa kuwa mganga mkuu wa wagonjwa hao, akafanya kazi pamoja na mabruda.

Guislain alitoa kitabu mwaka 1833, na ndani yake twakuta neno la kutushangaza. Alifundisha kwamba wazimu, mara nyingi sana, huanza kwa maumivu ya nafsi. Kabla mtu hajapiga kelele, amekwisha kuumia moyoni. Hofu, masikitiko na kudharauliwa vimemjeruhi, na kelele hufuata nyuma. Madaktari wa leo hawakubali yote aliyoyasema. Hata hivyo alikuwa na jambo moja ambalo wengi waliokuja baada yake walilipoteza: alipomtazama kichaa, alimwona mtu anayeumia.

Masanduku mawili

Mwaka 1899 daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliyapanga magonjwa makubwa ya akili katika masanduku mawili. Katika sanduku la kwanza aliweka ugonjwa wa vijana unaoharibu akili na kuendelea kuiharibu. Katika la pili aliweka ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka, yaani furaha iliyopita kiasi na huzuni iliyopita kiasi, ambao huja na kwenda. Mpango huo uliwasaidia sana madaktari, na mpaka leo athari yake yaonekana katika vitabu vyao.

Mwaka 1908 daktari Eugen Bleuler wa Zürich, katika Uswisi, aliupa ugonjwa wa sanduku la kwanza jina jipya la skizofrenia, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kupasuka kwa akili. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1911 alieleza wazi kwamba wagonjwa hao hupatwa na huzuni kali, akaonya kwamba katika dalili zao zote iliyo mbaya kuliko zote ni ile hamu ya kujiua.

Basi mabwana hao walikuwa wameiona huzuni. Lakini masanduku yakikwisha kutengenezwa, watu huyaamini kuliko macho yao. Wanafunzi waliofuata walizoea kusema: huyu ni mtu wa skizofrenia, kwa hiyo huzuni si mali yake, huzuni ni ya sanduku lile jingine. Mgonjwa aliyelia aliandikwa kwamba ugonjwa wake wa kwanza umezidi, na aliyenyamaza aliandikwa kwamba moyo wake umekauka.

Hata sisi wenye kusema Kiswahili tuna masanduku yetu. Twasema kichwa kimeharibika; twasema moyo umevunjika. Wazimu ni wa kichwani, huzuni ni ya moyoni. Tena twafanya kana kwamba mtu ambaye kichwa chake kimeharibika hana moyo tena wa kuvunjika. Lakini Mungu hakumwumba mtu vipande vipande.

Yaliyosemwa juu ya Waafrika

Hospitali za wagonjwa wa akili katika Afrika ya Mashariki si za zamani sana. Wamisionari Waprotestanti wa Kijerumani walikuwa na nyumba ya namna hiyo huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Nairobi nyumba ya vichaa ilifunguliwa mwaka 1910, nayo mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Huko Dodoma hospitali ya Mirembe ilijengwa katika miaka ya 1920. Nyumba hizo zilikuwa karibu na gereza kuliko hospitali. Aliyepelekwa ni yule aliyesumbua mji: aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyezunguka uchi barabarani. Yule aliyehuzunika kimyakimya alibaki kijijini kwa mama yake, wala askari hakumfuata.

Mwaka 1938 daktari J. C. Carothers alipewa hospitali ya Mathari, ingawa wakati ule hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Alikaa huko mpaka mwaka 1950. Alipohesabu wagonjwa wake aliona wachache mno wenye ugonjwa wa huzuni. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Ulimwengu lilichapa kitabu chake juu ya akili za Waafrika. Humo alisema kwamba ugonjwa wa huzuni ni haba kwa Mwafrika, kwa sababu Mwafrika hajilaumu mwenyewe wala hajioni kuwa na wajibu juu ya matendo yake kama Mzungu. Akafika hata kumlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Msomaji na apime mwenyewe. Mtu ahesabu samaki walionaswa katika wavu wa matundu makubwa, kisha atangaze kwamba ziwani hamna dagaa! Wavu wa Mathari ulinasa wenye kelele tu. Zaidi ya hayo, mgonjwa aliulizwa na nani, na kwa lugha gani? Je, mtu aliyeletwa na askari angemweleza bwana mkubwa siri za moyo wake?

Neno hilo halikubaki katika vitabu tu. Ikiwa daktari amefundishwa kwamba Mwafrika hahuzuniki, hatamwuliza. Asipoulizwa, hatajibu. Asipojibu, hesabu itaonyesha tena kwamba hahuzuniki. Hivyo kosa lilijilisha lenyewe miaka mingi, na mwenye skizofrenia katika Afrika alikanwa mara mbili: mara moja kwa kuwa ni kichaa, na mara ya pili kwa kuwa ni mtu mweusi.

Waliojibu

Jibu lilitoka Afrika yenyewe. Daktari Thomas Adeoye Lambo, Mnijeria wa mji wa Abeokuta, alisoma Uingereza, akarudi kwao. Mwaka 1954 alianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta, mpango wa kuwalaza wagonjwa wa akili katika nyumba za vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu yake mmoja wa kumtunza. Mgonjwa alikwenda hospitali kupata dawa, akarudi kijijini kula na kufanya kazi pamoja na watu. Watu wa Geel wangeutambua mpango huo mara moja. Mwezi wa Novemba 1961 mkutano wa kwanza wa madaktari wa akili wa Afrika nzima ulifanyika huko huko Abeokuta.

Lambo alishirikiana na daktari Mmarekani Alexander Leighton na wenzake kuwatembelea Wayoruba vijijini mwao na kuwauliza habari zao. Katika kitabu chao cha mwaka 1963 walionyesha kwamba dalili za huzuni ni nyingi kwa watu hao, ijapokuwa wenyeji hawakuwa na jina moja la kuzikusanya zote. Mwaka 1968 daktari Raymond Prince alionyesha jambo la ajabu: taarifa za kabla ya mwaka 1957 karibu zote zasema huzuni ni haba katika Afrika, na za baadaye zasema ni jambo la kawaida. Akauliza kama ni Waafrika waliogeuka, au ni madaktari waliogeuza macho yao.

Karibu na sisi zaidi, ng'ambo ya Ruwenzori, daktari John Orley alifanya uchunguzi katika vijiji viwili vya Uganda. Mwaka 1979 yeye na John Wing walitangaza kwamba ugonjwa wa huzuni ulikuwa mwingi katika vijiji vile kuliko katika mtaa mmoja wa London uliochunguzwa kwa njia ile ile. Basi hapo neno la kale likaanguka. Tena tuongeze hili: lile Shirika la Afya la Ulimwengu, lililochapa kitabu cha Carothers mwaka 1953, lilimfanya Lambo kuwa makamu wa mkurugenzi wake mkuu tangu mwaka 1973 mpaka 1988.

Dawa na maswali tisa

Wakati huo huo dawa zilikuwa zimepatikana. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa dawa ya klorpromazini, nao wakatulia. Baadaye zikaja haloperidoli na nyinginezo. Malango ya nyumba za vichaa yakaanza kufunguka. Maelfu walirudi kwao.

Lakini sauti zilipoondoka, huzuni ikaonekana waziwazi, kama mawe ya mtoni maji yanapopungua. Mwaka 1976 madaktari wawili Wamarekani, McGlashan na Carpenter, waliandika juu ya huzuni inayofuata wazimu. Wengine walisema dawa ndizo zinazoileta. Lakini ilionekana kwamba wagonjwa wengi huwa na huzuni hata kabla hawajameza kidonge cha kwanza. Mwaka 1992 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya la Ulimwengu iliipa huzuni hiyo nafasi yake na namba yake. Ilikuwa miaka 81 tangu kitabu cha Bleuler.

Kuitambua si kazi rahisi, maana mambo matatu hufanana. La kwanza ni ugonjwa wenyewe wa skizofrenia, ambao kwa wengine hukausha hamu ya kusema na kutenda. Mtu hana furaha, lakini pia hana uchungu. La pili ni dawa: zaweza kukaza uso, kutetemesha mikono, kumfanya mtu atembee kama mzee, au kumnyima utulivu hata ainuka, aketi, ainuka tena. La tatu ni huzuni yenyewe. Kwa ajili hiyo, mwaka 1990 Donald na Jean Addington wa Calgary, katika Kanada, walitunga kipimo kwa ajili ya wagonjwa hawa. Mgonjwa huulizwa mambo manane: kama amehuzunika, kama aona tumaini mbele, kama ajidharau, kama aona watu wamlaumu, kama ajilaumu mwenyewe kupita kiasi kwa mambo ya zamani, kama huzuni huzidi asubuhi, kama huamka mapema mno, kama ametamani kufa. Jambo la tisa ni lile mwulizaji anavyomwona mgonjwa kwa macho yake mwenyewe. Tazama, kazi yote ile ni kuuliza kwa upole na kusikiliza jibu.

Tuchukue mfano wa kijana, tumwite Kakule. Alikuwa na duka dogo la nguo mjini Butembo, na mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kupelekwa kwa wakwe. Akashikwa na wazimu miezi minane. Dawa zimemrudisha. Aangalia, aona mtaji umekwisha, mchumba ameolewa na mwingine, rafiki zake wapita upande wa pili wa barabara. Tena akumbuka maneno aliyomtukana mama yake mbele ya watu. Alipokuwa mgonjwa hakuyaona hayo. Akili yake imerudi ndiyo maana ayaona. Kurudi kwa akili ndiko kulikomletea kilio. Na nyumbani wasema, «Kakule amepona.»

Butembo na Beni

Wasomaji wetu wajua historia ya jimbo letu. Mapadre Waasumpsionisti walifika mwaka 1929. Misioni ya Beni ilisimamishwa mwaka 1934, ikawa jimbo mwaka 1959, na mwaka 1967 ikaitwa jimbo la Butembo-Beni. Shule, zahanati, hospitali, na tangu mwaka 1989 Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, vyote vilijengwa kwa jasho la waamini. Lakini kwa muda mrefu katika nchi yetu mwili ulipata hospitali, na akili ikabaki nyuma. Ndipo mabruda wa Padre Triest, waliofika Kongo mwaka 1911, walipowapokea wagonjwa wa akili pia: katika Kivu wana nyumba ya SOSAME huko Bukavu, na huko Goma kituo kiitwacho Tulizo Letu.

Kisha zikaja taabu tunazozijua. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji ya watu yalitapakaa mjini Beni na vijijini kandokando yake. Wengi waliacha mashamba yao ya kakao na mihogo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, iliyoonekana kwanza Mangina. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa, wengi wao katika wilaya zetu. Watu walizikwa na wageni waliovaa nguo za kujikinga, na jamaa wakasimama mbali. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Mwezi wa Juni 2024 Kanyabayonga, iliyo katika njia ya kutoka kwetu kwenda Goma, iliangukia mikononi mwa M23, na mwezi wa Januari 2025 Goma yenyewe.

Tusiseme kwamba vita huzaa skizofrenia kama vile nzi wazaavyo kipindupindu. Sivyo. Wala si kila aliaye Beni ni mgonjwa. Kulia penye mauaji ni dalili ya utu. Lakini mwenye skizofrenia alikuwa akisimama kwa magongo mawili: dawa, na ndugu wa kumpa dawa hiyo. Familia ikikimbia usiku, magongo yote mawili huweza kupotea. Tena yeye hufiwa kama wengine. Kaka yake akiuawa shambani, naye pia amefiwa, ijapokuwa watu hawamwiti matangani wakidhani haelewi. Aelewa. Na njia ya kumpeleka mbali ikiwa imefungwa, hapana budi apate msaada hapa hapa, kwa mwuguzi wa kituo cha karibu, na kwa sisi.

Yatupasayo

Kwanza, tuuliza. «Moyo wako wasemaje? Usiku walala? Waona neno la kutumaini kesho?» Tusiogope kumwuliza hata kama amefikiri kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo. Mara nyingi hulishusha kama mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari kama sumu za shambani, panga na kamba viondolewe, na siku ile ile apelekwe kwa mwuguzi au daktari.

Pili, tusimwachishe dawa kwa shauri letu. Kama uso umekazwa au hawezi kutulia, mwuguzi aelezwe, maana kipimo huweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Zipo pia dawa za ugonjwa wa huzuni, ambazo daktari aweza kuziongeza kwa baadhi ya wagonjwa. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani yake amhatarisha ndugu yake. Sala na dawa hazigombani. Aliyetuumba ndiye aliyewapa watu akili ya kuzitafuta dawa.

Tatu, mnyororo na viboko havina mahali. Havijaponya mtu huko Gent wala huko Mathari, wala havitaponya katika chumba cha maombi.

Nne, tumrudishie mgonjwa nafasi yake. Geel na Aro zatufundisha kwamba kazi ndogo na sahani ya mezani ni sehemu ya matibabu. Apewe maharagwe ya kuchambua, kuni za kupasua, kiti katika jumuiya, nafasi katika kwaya kama ana sauti. Akifiwa apewe pole kama watu.

Tano, kama msiba wa kujiua umekwisha kutokea, tusiwahukumu wafu wala kuwatenga jamaa zao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haikuliweka tena katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba ugonjwa mzito wa nafsi waweza kupunguza lawama ya mtu, ya kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na ya kwamba Kanisa humwombea.

Nabii Eliya naye, aliyekuwa mtu hodari, aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena, maana safari ilikuwa ndefu kwake. Wagonjwa wetu nao wana safari ndefu. Katika kila jumuiya ya Butembo na Beni yupo mtu ambaye wote hudhani amepona kwa kuwa amenyamaza. Juma hili mmoja wetu na aende akaketi karibu naye, amwulize habari za moyo wake, naye angoje jibu.